Kazi ya kumpokea mgeni nayo ifundishwe katika kanda ya dhahabu

Usiku mmoja mwaka jana niliteremka Kahama kutoka kwenye basi, saa tano na zaidi, na kama ilivyo desturi ya msafiri asiye na ndugu mjini, nikaelekea kwenye nyumba ya kulala wageni iliyokuwa karibu na stendi. Nilipokewa na binti ambaye kwa kumkisia hakuwa ametimiza miaka ishirini. Ndiye aliyefungua geti, ndiye aliyenipa kitabu cha wageni nijaze jina langu, kabila langu, nitokako na niendako, ndiye aliyepokea fedha, ndiye aliyetandika shuka, na asubuhi ndiye niliyemkuta akipiga deki ukumbini huku amebandika maji ya kuoga ya wageni. Alikuwa amelala juu ya mkeka nyuma ya meza ya mapokezi ili mtu akibisha hodi saa nane za usiku aweze kusikia. Nilipomwuliza likizo yake huwa lini, alicheka. Nilipomwuliza kazi hiyo alijifunzia wapi, alinijibu: "Hapahapa, baba. Dada aliyekuwepo kabla yangu alinionyesha kwa siku mbili, kisha akaondoka." Mwezi uliotangulia shuka moja ilikuwa imepotea, na thamani yake ikakatwa katika mshahara wake.

Nyumba ile siitaji kwa jina. Za namna ile ni nyingi Kahama, ni nyingi Geita, Katoro na Shinyanga mjini, na mabinti wa namna ile ni wengi kuliko nyumba zenyewe. Jambo ninalotaka tulitazame, ndugu wasomaji, ni kwamba binti yule anafanya kazi ambayo Dar es Salaam na Arusha husomewa chuoni, kazi yenye vitabu vyake, walimu wake, mitihani yake na vyeti vyake, tena imegawanywa katika fani kadhaa: mapokezi, utunzaji wa vyumba, upishi, uhudumu wa mezani, utunzaji wa ghala na hesabu. Yeye anazifanya karibu zote peke yake kwa elimu ya siku mbili. Kwa kuwa hana cheti, hana pa kwenda. Kwa kuwa hana pa kwenda, hukatwa thamani ya shuka akanyamaza.

Tunapozungumza juu ya elimu ya utalii na hoteli, mawazo yetu hukimbilia kaskazini. Humwona mgeni mweupe mwenye kofia pana, gari la wazi juu, na simba amelala kivulini. Sina ugomvi na picha hiyo, kwa maana imeliletea Taifa fedha nyingi za kigeni. Lakini ni picha iliyotufanya tuamini kwamba mahali pasipo na simba hapana wageni, na mahali pasipo na wageni wa namna hiyo hapana haja ya kumfundisha mtu kupokea wageni. Imani hiyo ni ya makosa. Kwa hesabu zinazotumiwa na mataifa yote, mtalii ni mtu yeyote aliyetoka mahali anapoishi kwa kawaida akaenda kwingine kwa muda usiofika mwaka, awe anakwenda kupumzika, kufanya biashara, kutibiwa au kuona jamaa zake, ilimradi hakwenda kuajiriwa huko. Mfanyabiashara wa Tabora anayefuata mchele Kahama ni mtalii wa ndani. Mnunuzi wa dhahabu anayelala Katoro siku tatu ni mtalii. Dereva wa lori linalotoka Isaka kwenda Rusumo hadi Rwanda, fundi wa mitambo aliyeitwa kutoka Mwanza, karani wa wizara aliyekuja kukagua, mjomba aliyekuja kwenye msiba, wote hao hula na hulala. Mchimbaji mdogo aliyehama na chepe lake akifuata habari za duara jipya huenda asiingie katika hesabu hizo, lakini naye tumbo analo.

Wageni hao wana sifa moja ambayo wale wa kaskazini hawana: hawakatiki. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni kutoka nje zaidi ya 1,500,000. Ulipokuja ugonjwa wa Uviko mwaka 2020, idadi hiyo ilianguka hadi kama 620,000, na hoteli za Arusha na za fukwe za Zanzibar zikapunguza wafanyakazi. Mwaka huohuo bei ya dhahabu duniani ilipanda, na mwezi wa Agosti ikapita dola 2,000 kwa aunsi. Mabasi ya Kahama na Geita yaliendelea kushusha watu. Ni kweli kwamba tangu wakati huo wageni wa nje wamerudi, na mwaka 2023 walipita 1,800,000. Hata hivyo aliyeona mwaka 2020 hataki kujenga nyumba yake yote juu ya nguzo moja.

Historia ya jambo hili inafaa ikumbukwe, kwa sababu vijana wengi hawaijui. Mafunzo ya kazi za hoteli ya Serikali yalianza Dar es Salaam mwaka 1969, mwaka uleule lilipoanzishwa Shirika la Utalii la Tanzania. Kwa miaka mingi wanafunzi walijifunza kazi katika Hoteli ya Forodhani, ambayo jengo lake leo ni la Mahakama ya Rufani; mahali ambapo wapishi walikuwa wakionjwa mchuzi, sasa waheshimiwa majaji wanasikiliza rufani. Mwaka 2003 mafunzo hayo yalikabidhiwa wakala uitwao Chuo cha Taifa cha Utalii, ambao una matawi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo chake cha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Kwa upande wa wanyamapori tuna Mweka tangu 1963 na Pasiansi, Mwanza, tangu 1966. Jirani zetu wa Kenya walifungua Chuo cha Utalii Nairobi mwaka 1975, wakakiunganisha na hoteli yake yenyewe ili mwanafunzi ajifunze kwa mgeni anayelipa, na wakakitegemeza kwa tozo ya asilimia 2 inayotozwa katika mahoteli na migahawa. Jambo hilo la tozo nitalirudia.

Mwaka 1970 palizuka mabishano makali katika gazeti la The Standard, baada ya Umoja wa Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu kuuliza iwapo utalii unaweza kukaa nyumba moja na ujamaa. Mabishano yale yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Vijana wale walihofu kwamba taifa lililotoka kuvua minyororo litageuka taifa la wapagazi na matarishi, watu wa kuinama na kusema "ndiyo bwana" ili wapewe bakshishi. Wengine waliwajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni na kwamba kazi ni kazi.

Nadhani pande zote mbili zilitazama mahali pamoja, yaani ile hoteli kubwa ya pwani. Hofu ya vijana haikuwa ya bure, maana kazi ya kuhudumia inaweza kumvunja mtu heshima. Lakini miaka zaidi ya hamsini baadaye mimi naona kwamba kuinama kubaya zaidi hakuko katika hoteli kubwa, ambako mhudumu ana mkataba, ana chama cha wafanyakazi na ana cheti anachoweza kukibeba kwenda hoteli ya pili. Kuko nyuma ya meza ya nyumba ya wageni karibu na stendi, mahali ambapo mlinzi, karani na mfuaji ni binti mmoja, na ambapo mlevi wa saa saba za usiku humgongea mlango akidhani kwamba naye amekodishwa pamoja na chumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kazi kwa juma, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Binti hajaisoma. Na tajiri wake, ambaye mara nyingi ni mwalimu mstaafu au mchimbaji aliyebahatika kupata mawe, naye hajaisoma. Chuo ndicho mahali ambapo mfanyakazi husikia kwa mara ya kwanza kwamba kazi yake ina mipaka.

Jiko la mgodini

Hebu sasa tuingie mgodini, maana huko ndiko penye jambo kubwa. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Mgodi wa aina hiyo haulali. Watu huingia zamu mchana na usiku, wengi hukaa kambini, na kila zamu lazima ile kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Jiko la kambi ni kiwanda kamili. Hupika sahani kwa maelfu kila siku, na chakula kikiharibika hakimwumizi mtu mmoja, huangusha zamu nzima, na dereva wa lori kubwa anayeendesha huku tumbo linamkata ni hatari kwa wenzake. Ndiyo maana wenye migodi hawachezi na jambo hilo. Hudai mpishi anayejua kwamba chakula cha moto hakiwekwi chini ya nyuzi 60 za Selsiasi wala cha baridi juu ya nyuzi 5, anayejua kutenga ubao wa nyama mbichi na ubao wa mboga, na anayeweza kuandika katika daftari nyama iliingia lini na ilitoka lini.

Kanuni za mwaka 2018 za kuwashirikisha Watanzania katika sekta ya madini zimeagiza kwamba bidhaa na huduma za Watanzania zitangulizwe. Ni kanuni nzuri. Lakini kanuni inaweza kumwamuru mwenye mgodi atafute mpishi Mtanzania. Haiwezi kumpa kijana wa Nyarugusu au wa Bugarama ujuzi ambao hakuna aliyemfundisha. Kinachotokea kinajulikana na kila mtu aishiye karibu na mgodi: mpishi mkuu hutoka Arusha au Dar es Salaam, msimamizi wa vyumba hutoka Moshi, naye mwenyeji huajiriwa kumenya viazi na kufyeka majani. Siwalaumu wanaotoka mbali. Nchi ni moja, na mwenye ujuzi ana haki ya kuufuata ujira popote. Nauliza tu kwa nini ujuzi huo usipandwe pia hapa chakula kinapoliwa.

Wenye migodi wenyewe walishaonyesha njia. Walipohitaji mafundi mitambo na mafundi umeme, walishirikiana na VETA Moshi kuanzisha mafunzo maalumu ya ufundi wa migodini, na vijana wengi wamepita hapo. Fundi wa mashine aliposakwa, chuo kilipatikana. Mpishi na mtunza vyumba hawakufikiriwa kwa sababu kazi zao, machoni pa watu wengi, si ufundi. Huo ni ugonjwa wetu wa siku nyingi: kazi ikishafanywa na wanawake nyumbani bila malipo, tunadhani kwamba haina elimu ndani yake.

Nje ya uzio wa mgodi mkubwa hali ni nzito zaidi. Mtu afike Rwamgasa, Mgusu au Nyarugusu, apite kwenye mialo mahali mawe yanaposagwa na dhahabu kuoshwa. Pale kuna mama lishe kila baada ya hatua chache, na bila wao hakuna duara lingechimbwa hata wiki moja. Huyu anauza ugali na dagaa, yule wali na maharage, mwingine chai na maandazi tangu alfajiri. Hatua chache kutoka kwenye sufuria kuna mtu anachoma dhahabu kwa zebaki, na moshi wake hauonekani wala hauna harufu ya kumwonya mpishi. Maji ya kuoshea sahani yanaweza kuwa yaleyale yaliyopita kwenye karai la zebaki. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na maofisa wamefanya semina nyingi kwa wachimbaji. Je, nani amemkalisha mama lishe wa mwaloni akamweleza kwamba jiko lake liwe upande gani wa upepo, maji yake yatoke wapi, na kwa nini mtoto anayenyonya asilazwe chini ya meza ile? Somo la usafi wa chakula linalofundishwa katika vitabu vya hoteli za ufukweni halina ukurasa wa zebaki. Hapa Geita ungekuwa ndio ukurasa wa kwanza.

Mgodi hufungwa

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kanda hii hawapendi kulisema kwa sauti, nalo ni kwamba mgodi hufungwa. Geita iliwahi kuwa na mgodi mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ulioanza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Wazee wanakumbuka jinsi mji ulivyopoa, wakarudi kwenye pamba. Mgodi wa Golden Pride kule Nzega, wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya siku hizi, ulifungwa mwaka 2014. Buzwagi, pale nje kidogo ya Kahama, ulifungwa mwaka 2021 baada ya miaka kumi na miwili tu. Mtoto aliyezaliwa wakati unafunguliwa hakuwa hata ameingia sekondari ulipofungwa.

Buzwagi umeacha shimo, uwanja wa ndege mdogo, barabara, umeme, na kambi yenye vyumba na jiko. Mwaka 2024 kampuni ya Barrick ilifungua hapo chuo cha kuwanoa wasimamizi wake wa migodi. Nimefurahi kwamba majengo hayakuachwa kwa popo. Serikali nayo imesema eneo lile liwe la viwanda. Mimi natoa pendekezo langu nalo litiwe kikapuni: kambi ya mgodi uliofungwa ni hoteli ya kufundishia iliyokwisha kujengwa. Ina vyumba vya kutandikwa, ina jiko la kupikia watu wengi, ina dobi, ina ukumbi wa kulia. Wasimamizi wanaokuja kunolewa hapo wanalala na wanakula. Je, hao wanaowatandikia na kuwapikia hawawezi kuwa wanafunzi, chini ya walimu wao, wakipimwa kila wiki na kupewa cheti kinachotambuliwa?

Sisemi kwamba katika kanda hii hakuna anayefundisha mapishi. Viko vyuo vya ufundi stadi Shinyanga na Geita, viko vyuo vya watu binafsi na vya madhehebu, na kule Mwanza liko tawi la Chuo cha Taifa. Ninachosema ni kwamba jiko la darasani ambamo wanafunzi thelathini wanazunguka sufuria moja na kisha kula wenyewe walichopika, si hoteli. Kazi hii hufundishwa na mgeni. Mgeni anayelalamika kwamba chai imepoa, anayefika bila kutegemewa akiwa na watoto wanne, anayesahau mkoba wenye fedha chumbani: hao ndio walimu. Ndiyo maana Wakenya waliweka hoteli ndani ya chuo, na ndiyo maana sisi wenyewe tuliwahi kuwa na Forodhani.

Watu watauliza fedha zitatoka wapi. Zipo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuwarudishia wananchi wanaomzunguka, na kuukubaliana na halmashauri. Halmashauri pia hupata ushuru wa huduma unaotokana na mauzo. Kwa fedha hizo tumeona yakijengwa madarasa, zahanati, masoko, na katika baadhi ya miji sanamu na mizunguko ya barabara yenye taa za rangi. Madarasa na zahanati siyagusi. Juu ya sanamu naomba ruhusa ya kunyamaza. Tena kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi ambayo mwajiri hulipa kwa kufuata mishahara ya wafanyakazi wake. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Migodi, kwa mishahara yake minene, si walipaji wadogo. Lakini ni sehemu tu ya tozo hiyo inayofika VETA. Nyingine huelekezwa kwingine, ikiwamo mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mkenya akilipa asilimia 2 ya hoteli anajua kwamba imejenga chuo cha hoteli. Sisi tunalipa zaidi, na hatujui imekwenda wapi.

Chuo kama hicho kifundishe nini? Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, maana tunaweza kujenga majengo mazuri kisha tukafundisha mambo ya Uswisi. Mwanafunzi wa Shinyanga ajue kupika mchuzi mweupe wa Kifaransa, sawa, lakini ajue kwanza kupika wali wa mchele wa Kahama kwa watu mia tatu bila kuungua chini. Ajue michembe na matobolwa, aweze kuvitia katika orodha ya chakula bila kuona haya, na amweleze mgeni kwamba hivi ni viazi vitamu vilivyokaushwa, kimoja kikiwa kibichi na kingine kimechemshwa, na kwamba vilimvusha Msukuma katika miaka ya njaa. Ajue sato akiwa mbichi kweli anakuwaje machoni na kwenye mashavu. Ni aibu kulala katika hoteli iliyo umbali mdogo kutoka Ziwa Victoria na asubuhi kuletewa soseji za kopo.

Juu ya lugha nina maneno machache. Masomo ya ngazi ya stashahada yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mhudumu anahitaji Kiingereza, hilo silipingi, na kwa jinsi wageni wanavyokuja sasa, Kichina na Kifaransa vitamfaa vilevile. Lakini kujua lugha ya mgeni ni jambo moja, na kujua kwa nini kuku mbichi hawekwi juu ya kachumbari ni jingine. Nimeona vijana wenye mikono hodari kabisa wakikwama kwa sababu swali juu ya usafi liliandikwa kwa maneno wasiyoyaelewa. Somo la uhai wa watu lifundishwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kama lugha, kwa bidii, na walimu wanaokijua. BAKITA lipo tangu 1967. Likae na wapishi, litupe istilahi za jikoni zinazotamkika.

Halafu wapo wale ambao hawatakuja chuoni kamwe. Mama lishe wa Katoro mwenye watoto watano hataacha sufuria yake miaka miwili. Kwa ajili yake upo utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu hupimwa kazi yake, hufundishwa kwa muda mfupi pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Upishi na uhudumu vimo katika fani hizo. Ni utaratibu mzuri ambao unafika vijijini kama mvua ya Januari, leo huku, mwakani kule. Ungekuwa na kituo cha kudumu Geita, wapimaji wangewafuata akina mama mwaloni badala ya kuwangoja mjini. Vilevile bado sijaona kwa nini mafunzo ya uanagenzi wa hoteli, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya darasa na kazi, yaliyoanzishwa na Chuo cha Taifa cha Utalii mwaka 2014, yasifanywe pamoja na majiko ya migodi.

Tena usidhani, ndugu msomaji, kwamba kanda hii haina cha kumwonyesha mgeni mara akishalala na kushiba. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kinafikika kwa boti kutoka Nkome au Muganza. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa kisiwani humo kutoka Ulaya chini ya mpango wa Profesa Grzimek, baadhi yao wakiwa wamelelewa katika vizimba, na wakarudia maisha ya msituni. Hadithi hiyo pekee ingetosha kumleta mtu. Hifadhi ya Burigi-Chato ilitangazwa mwaka 2019. Mwadui, ambako Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kuna shimo ambalo mtu akilitazama hukosa la kusema. Ngitili za Shinyanga, yale malisho yaliyorudishwa na wananchi kwa mradi wa HASHI ulioanza 1986, zilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Wageni wa kila rangi wamekuja kuzitazama, lakini wenyeji hawakufundishwa kuwaongoza wala kuwauzia hata maziwa ya mgando. Bujora, karibu na Mwanza, lipo jumba la makumbusho ya Wasukuma na ngoma za Bagika na Bagalu. Wapo wazee wanaozijua habari hizi zote. Kijana anayezisimulia kwa mpango, kwa lugha mbili, akijua pa kuanzia na pa kunyamazia, huyo ndiye anayekosekana.

Na sasa kuna daraja. Tangu Juni 2025 mtu anavuka kutoka Kigongo hadi Busisi juu ya maji, kilometa tatu, kwa dakika chache, mahali ambapo tulizoea kusubiri kivuko saa nzima na wakati mwingine saa tatu. Mwanza na Geita zimekuwa kama mitaa ya mji mmoja. Daraja linaleta wageni, lakini pia linaweza kuwapitisha. Mtu aliyelala vibaya Geita safari iliyopita, sasa anaweza kumaliza shughuli zake mchana na kurudi kulala Mwanza. Wenye nyumba za wageni wa Geita wanaofikiri kwamba mteja hana pa kwenda wataona mwaka huu au ujao.

Asubuhi ile ya Kahama, nikiwa nangoja basi, binti yule aliniuliza kama ni kweli kwamba kazi yake kuna watu wanaisomea. Nilimwambia ni kweli, na kwamba chuo cha karibu ninachokifahamu kiko Mwanza. Akahesabu kwa vidole: nauli, chumba cha kupanga, chakula, ada, na fedha anazotuma kwa mama yake Maswa kila mwezi. Akafika kidole cha tano, akarudi kuchukua deki.

Halmashauri za Kahama, Msalala, Geita na Mbogwe hujadili bajeti zao kila mwaka kabla ya Julai, na wenye migodi huleta mipango yao mbele ya madiwani wakati uliowekwa na sheria. Diwani anayesoma safu hii na aulize, katika kikao kijacho, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya mafunzo ya watu wanaotulisha na kututandikia. Jibu liandikwe katika muhtasari wa kikao, nasi tutalisoma.